Kuchagua Gia na Kaseti ya Baiskeli ya Milimani: Anza na Mwinuko

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu gia za baiskeli ya milimani ni hili: nichukue kaseti ya gia ngapi? Mimi hujibu kwa swali jingine. Ule mwinuko mkali unaoupanda kila wiki, kranki yako, yaani mikono inayobeba pedali, huzunguka mara ngapi kwa dakika ukifika katikati yake? Wengi hawajawahi kuhesabu, na bila hesabu hiyo kuchagua kaseti ni kubahatisha.

Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa gia mambo yamegeuka. Kwenye mteremko baiskeli inajiendea yenyewe, na gia ikikosekana unapoteza kasi kidogo tu. Kwenye mwinuko gia ikikosekana unashuka na kusukuma. Kwa hiyo mpangilio ninaoufuata ni huu: mwinuko unaamua gia nyepesi kabisa, gia hiyo inaamua sproketi ya mbele na kaseti kwa pamoja, na kaseti inaamua frihabu, dereila na cheni. Ukianzia upande wa pili, yaani kununua kaseti inayosifiwa kisha kutafuta namna ya kuifunga, utalipia kosa hilo mara mbili.

Majina nitakayotumia

Sproketi ya mbele ni ile duara lenye meno lililofungwa kwenye kranki. Kaseti ni rundo la sproketi za nyuma, na huandikwa kwa meno ya ndogo kabisa na kubwa kabisa: 11-42 maana yake ndogo ina meno 11 na kubwa ina 42. Frihabu ni ile sehemu ya habu (kitovu cha gurudumu) inayobeba kaseti, inayolia tiki-tiki ukiacha kukanyaga. Dereila ni mkono wenye viroda viwili unaohamisha cheni, na shifta ni kitufe au wenzo wa kubadilishia gia kwenye usukani.

Baiskeli za zamani za gia 6 au 7 aghalabu hazina kaseti bali frewili, ambayo hufungwa kwenye habu kwa hesi na ina mashine yake ya tiki-tiki ndani. Kama yako ni frewili, karibu yote yatakayosemwa hapa kuhusu hesabu yanakuhusu, lakini kaseti haitaingia kwenye habu hiyo. Itabidi ubadilishe habu au gurudumu zima.

Mita kwa mzunguko mmoja

Uwiano wa gia ni meno ya mbele kugawanya kwa meno ya nyuma. Sproketi ya mbele ya 32 na ya nyuma ya 16 zinatoa 2, maana yake kranki ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili. Lakini uwiano peke yake hauelezi kitu mpaka ujue gurudumu ni kubwa kiasi gani. Kipimo cha kuaminika ni mita ambazo baiskeli inasogea kwa mzunguko mmoja wa kranki: uwiano mara mzingo wa tairi.

Mzingo upime mwenyewe. Weka vali ya tairi la nyuma chini kabisa, chora alama sakafuni, kaa juu ya baiskeli ili tairi libonyee kama linavyobonyea njiani, sogea mpaka vali irudi chini, chora alama ya pili, pima. Kwa gurudumu la inchi 29 lenye tairi la 2.3 utapata karibu mita 2.30. La inchi 27.5 lenye tairi kama hilo ni karibu mita 2.18, na la inchi 26 lenye tairi la 2.1 ni karibu mita 2.07.

Tofauti hizo zinaonekana ndogo lakini zinauma. Ukihamisha gia zilezile kutoka gurudumu la 26 kwenda la 29, kila gia inakuwa nzito kwa asilimia 11. Kutoka 27.5 kwenda 29 ni zaidi kidogo ya asilimia 5, yaani sproketi ya mbele ya 32 kwenye 27.5 inakanyagika karibu sawa na ya 30 kwenye 29. Ushauri wa rafiki mwenye gurudumu tofauti na lako ni lazima uupitishe kwenye hesabu hii kwanza.

Nilijifunza hili kwa magoti. Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani ilikuwa ya gurudumu la 26 yenye sproketi tatu mbele, ndogo ikiwa ya meno 22, na kaseti ya 11-34. Gia yake nyepesi ilikuwa 22 kwa 34, sawa na mita 1.34. Nikahamia baiskeli ya 29 yenye sproketi moja ya meno 34 na kaseti ya 11-42. Niliiona ile 42, kubwa kama sahani, nikadhani nimepata gia nyepesi kuliko ya zamani. Hesabu inasema vingine: 34 kwa 42 kwenye gurudumu la 29 ni mita 1.86. Nilikuwa nimebeba gia nzito kwa asilimia 39, na nikapanda nayo msimu mzima nikiamini nimepungukiwa na mazoezi.

Pima mwinuko wako

Chagua mwinuko mmoja. Usichukue ule wa kutisha unaoukuta mara moja kwa mwaka, wala ule wa dakika mbili karibu na nyumbani. Chukua mkali unaorudia mara kwa mara na unaodumu angalau dakika tano. Upande ukiwa umeshaendesha saa moja au zaidi, kwa sababu miguu mibichi hudanganya: asubuhi kila gia inatosha.

Kaa kwenye kiti, gia nyepesi kabisa, panda kwa nguvu unayoweza kuidumisha mpaka juu. Ukifika katikati, hesabu mara ambazo goti la kulia linapanda ndani ya sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Rudia siku nyingine. Kisha angalia ulipoangukia.

Kati ya 60 na 75, gia yako nyepesi inatosha. Kati ya 50 na 60 unaweza kuishi nayo ukiwa na nguvu, lakini safari ndefu zitakudai. Chini ya 50 gia ni nzito kwa mwinuko huo. Nguvu unayotoa ni msukumo wa mguu mara kasi ya kuzungusha, kwa hiyo kupanda kwa mizunguko 45 badala ya 60, kwa mwendo uleule, kunataka kila msukumo uwe mzito kwa theluthi moja zaidi. Msukumo huo unapita kwenye goti. Unapita pia kwenye tairi: juu ya changarawe au udongo mkavu, msukumo mzito wa polepole hulifanya gurudumu la nyuma liteleze pale pale ambapo mzunguko mwepesi ungelipitisha.

Sasa tafuta gia unayoihitaji. Zidisha mita za gia yako ya sasa kwa mizunguko uliyoipata, gawanya kwa mizunguko unayoitaka. Mimi nilihesabu 45 kwenye mita 1.86 nikataka 60. 1.86 mara 45 kugawanya kwa 60 ni mita 1.40. Gawanya hiyo kwa mzingo wa 2.30, unapata uwiano wa 0.61. Hiyo 0.61 ndiyo namba uliyokuwa unaitafuta. Mengine yote ni namna ya kuifikia.

Una kikomo upande huo pia. Gia chini ya mita 1.2 hivi, ukizungusha 60, inakupa mwendo wa kilomita 4 na kitu kwa saa, na kwenye njia yenye mawe na mizizi ni vigumu kushika mizani kwa mwendo huo. Anayebeba mizigo ya safari kwenye barabara ya udongo iliyo laini anaweza kufaidi gia nyepesi kuliko hiyo. Wengine hawana haja nayo.

Kwa asiye na mwinuko wa kupimia, huu hapa mfano wa kuanzia. Mtu na baiskeli vyenye kilo 85 kwa jumla, kwenye mwinuko wa asilimia 15 wa njia ya udongo, akitoa wati 200, anakwenda karibu kilomita 5 kwa saa. Kwa mwendo huo gia ya mita 1.40 inazunguka mara 60 hivi. Mwepesi kuliko huyo mwenye nguvu zilezile atahimili gia nzito zaidi, na mzito kuliko yeye atataka nyepesi zaidi. Hakuna aibu hapo, ni uzito na mvutano wa dunia tu.

Njia mbili za kufika

Uwiano unabadilishwa mbele au nyuma. Kwa 0.61 yangu, uchaguzi ulikuwa hivi. Nikibaki na sproketi ya mbele ya 34 ningehitaji sproketi ya nyuma ya meno 56, ambayo kaseti za kawaida za milimani hazina. Kwa 32 nahitaji 52. Kwa 30, 49 au 50. Kwa 28, meno 46 yanatosha.

Angalia hapo kwa makini: 28 na kaseti ya 11-46 zinapanda mlima sawasawa na 30 na kaseti inayoishia 50. Kubadilisha sproketi ya mbele ni kazi ndogo, haigusi habu, dereila wala shifta, na aghalabu cheni hupunguzwa kidogo tu. Ndiyo maana mtu akiniambia gia yake ni nzito kidogo, humwambia aanze mbele. Kushuka kutoka 32 hadi 30 kunapunguza uzito wa kila gia kwa asilimia 6, kama nusu ya kubadilisha gia moja nyuma.

Mbele kuna mipaka yake. Kranki ya bolti nne zilizo kwenye duara la milimita 104 kwa kawaida haipokei chini ya meno 32, au 30 kwa sproketi zenye umbo maalumu. Kranki ambazo sproketi huvalishwa moja kwa moja, bila bolti za kuzunguka, hushuka mpaka 28 na hata chini ya hapo. Kwa hizo angalia pia jinsi sproketi ilivyojipinda kuelekea ndani: za kampuni ya SRAM zina milimita 3 kwa fremu za Boost zenye habu ya milimita 148, na milimita 6 kwa fremu za kabla ya hapo. Ukikosea, cheni inakaa upande mmoja na gia za mwisho zinalalamika.

Ukitaka kupanda badala ya kushuka, soma kwanza ukubwa wa mwisho ambao fremu yako inauruhusu. Sproketi ya 36 inaweza kugusa bomba la fremu karibu na tairi. Na kwa baiskeli yenye shokomzoba ya nyuma, ukubwa wa sproketi hubadilisha jinsi cheni inavyovuta mkono wa nyuma: ndogo huikaza zaidi unapokanyaga, kubwa huilegeza. Meno mawili hayaleti balaa, sita utayasikia.

Jambo la mwisho la sproketi ndogo ni uchakavu. Kwa mguu uleule, cheni huvutwa kwa nguvu zaidi na sproketi ya 28 kuliko ya 34, na meno machache yanagawana mzigo huo. Ukiwa na uchaguzi unaolingana kwa kila kitu kingine, chukua kubwa mbele na kubwa nyuma.

Upande wa kasi

Hapa sikai sana. Chukua gia nzito kabisa, zidisha mita zake kwa 90 (mizunguko kwa dakika), kisha kwa 60 (dakika za saa), gawanya kwa 1000, unapata kilomita kwa saa. 34 kwa 11 kwenye gurudumu la 29 ni 38. 30 kwa 11 ni 34. 30 kwa 10 ni 37. Jiulize kwa ukweli ni dakika ngapi kwa wiki unakanyaga, si kuteleza, juu ya mwendo huo kwenye udongo. Anayeshindana kwenye njia pana za kasi, au anayefika milimani kwa saa moja ya lami, ana sababu ya kulilinda jino la 10, yaani sproketi ndogo ya meno 10. Wengine wataligusa kwa nadra, na jino hilo ndilo linalokwisha haraka kuliko yote kwa sababu cheni inalishika kwa meno machache na kujikunja sana.

Mapengo kati ya gia

Kaseti mbili zinaweza kuanza na kuishia pamoja na bado zikaendeshwa tofauti kabisa. Kinachotofautisha ni mapengo, na mapengo hupimwa kwa asilimia, si kwa kuhesabu meno. Kutoka 10 kwenda 12 ni meno mawili tu, lakini ni asilimia 20. Kutoka 45 kwenda 51 ni meno sita, lakini ni asilimia 13. Jicho linaiona ya pili kuwa kubwa, mguu unaisikia ya kwanza.

Pengo la asilimia 11 hadi 15 halisumbui. Kwenye 18 utalisikia. Likivuka 20 katikati ya mwinuko, gia moja ni nzito mno na inayofuata inakuacha ukizungusha hewa. Kaseti ya gia 8 ya 11-34 iliyopangwa 11-13-15-17-20-23-26-34 ina pengo la asilimia 31 mwishoni. Imebana vizuri kote, kisha inakutupa. Kaseti ya gia 10 ya 11-46 ya Shimano Deore inatoka 37 kwenda 46, asilimia 24. Hiyo ya mwisho ni gia ya dharura, na ukiichukulia hivyo haikuudhi.

Linganisha na Shimano ya gia 12 ya 10-51: 10-12-14-16-18-21-24-28-33-39-45-51. Mwishoni inapanda kwa asilimia 18, 15, 13, yaani kadiri mwinuko unavyokaza ndivyo hatua zinavyopungua. SRAM Eagle ya 10-50 inamalizia 32-36-42-50, na ile hatua ya mwisho ni asilimia 19. Wapo wanaopenda kwa sababu unapoihitaji unapata nafuu kubwa mara moja. Mimi napenda mpangilio wa 39-45-51 kwa miinuko mirefu, ambako kuchoka huja polepole na unataka kushuka kidogo kidogo.

Kama njia zako ni za mabonde mafupi, pengo dogo halikusaidii sana kwa sababu unaruka gia mbili au tatu kwa wakati mmoja. Pengo dogo ni rafiki wa anayepanda nusu saa bila kusimama, na wa anayeendesha tambarare na upepo usoni. Shimano ina kaseti ya 10-45 yenye gia 12 zilizobanana zaidi upande mwepesi, 28-32-36-40-45, na kwa mtu mwenye miguu au mwenye milima ya wastani ni bora kuliko 10-51. Haisifiwi vya kutosha, labda kwa kuwa namba yake ni ndogo.

Moja, mbili au tatu mbele

Sproketi tatu za 42-32-22 na kaseti ya gia 9 ya 11-34 zina upana wa asilimia 590, yaani gia nzito ni karibu mara sita ya nyepesi. Sproketi moja na 10-51 zina 510. Mbili za 36-26 na 11-36 zina 453. Kwa upana tu, tatu zinashinda mpaka leo, na mwenye nazo zikiwa nzima hana sababu ya kuona haya. Lakini kati ya gia zake 27 nyingi zinarudiana au cheni inakatiza kwa pembe mbaya, na dereila ya mbele inagoma pale unapoihitaji, chini ya mwinuko, cheni ikiwa imekazwa.

Sproketi moja yenye meno mapana na membamba yanayopokezana, pamoja na dereila yenye klachi (kibano kinachouzuia mkono wake kurukaruka), huishika cheni hata kwenye mawe. Kwa njia za milimani ningeichagua bila kusita. Kwa anayebeba mizigo barabarani siku nzima na kutaka mapengo madogo, sproketi mbili bado zina hoja.

Frihabu: mlango wa kaseti

Kabla ya kulipa chochote, jua frihabu yako. Tatu ndizo zinazotawala. Ya kwanza ni Hyperglide ya Shimano, iliyokuja mwaka 1989 na iko kwenye baiskeli nyingi za gia 8 hadi 11. Sproketi ndogo inayokubali kwa kawaida ni ya meno 11. Kaseti ya gia 7 nayo inaingia ukiweka ringi ya kujazia ya milimita 4.5 nyuma yake. Ya pili ni XD ya SRAM, ya mwaka 2012, nyembamba mwishoni ili jino la 10 lipate nafasi. Ya tatu ni Micro Spline ya Shimano, ya mwaka 2018, yenye mifereji midogo mingi, kwa kaseti zake za gia 12.

Watengenezaji wengi wa habu huuza frihabu ya kubadilisha, hivyo huenda usihitaji gurudumu jipya. Na kama unataka upana bila kugusa habu, zipo kaseti pana za Hyperglide: SRAM NX Eagle ya 11-50 yenye gia 12, na Shimano Deore ya 11-51 yenye gia 11. Uzito wao ni mkubwa. NX inapita gramu 600, wakati XTR ya Shimano ya 10-51 ni kama 370. Kwa pesa zangu, gramu hizo ni za mwisho kununuliwa.

Mimi nilikuwa na Hyperglide na shifta ya Shimano ya gia 11. Nikachukua sproketi ya mbele ya 30 na kaseti ya 11-51. 30 kwa 51 kwenye gurudumu la 29 ni mita 1.35. Nimerudi pale pale kwenye ile 22 kwa 34 ya gurudumu la 26. Nilichotoa ni mapengo: kaseti ya zamani ilikuwa na 15-17-19-21, hii ina 15-18-21, na kwenye tambarare naisikia.

Shifta na dereila

Shifta huvuta kebo kwa kipimo fulani kila mbofyo, na dereila husogea kwa kipimo fulani kwa kila milimita ya kebo. Vipimo hivyo vinatofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya kizazi na kizazi. Shimano za milimani za gia 8 na 9 zinaelewana kwa mvuto, za gia 10 zilibadilika, na SRAM ina yake. Shifta ya gia 12 ya SRAM haiendeshi dereila ya gia 12 ya Shimano. Mfumo wa Shimano wa LinkGlide, unaotumika kwenye vifaa vyake vya CUES, nao huingia kwenye frihabu ya Hyperglide lakini unataka shifta na dereila zake. Meno yake ni manene na umeundwa kudumu, na kwa baiskeli za umeme zenye mota kwenye kranki ningeutazama kwanza.

Dereila yenyewe ina namba mbili za kusoma. Moja ni sproketi kubwa kabisa inayoifikia. Ya pili ni uwezo wa kula cheni iliyozidi: tofauti ya sproketi za mbele ukijumlisha na tofauti ya za nyuma. Kwa 42-22 mbele na 11-34 nyuma ni 20 na 23, jumla 43. Kwa sproketi moja na 11-51 ni 40 tu. Dereila yangu ya zamani ilikuwa ya 42, isingeweza 51, kwa hiyo niliibadilisha. Kuna vipande vya kurefusha sikio la dereila, kile kipande cha fremu kinachoishika, ili ifikie kubwa zaidi. Vinafanya kazi kwa meno machache, ila kiroda cha juu kinakaa mbali na sproketi ndogo na mabadiliko ya gia yanakuwa mazito. Ningevitumia safarini kuokoa siku, si kama suluhisho la kudumu.

Cheni

Cheni inafuata idadi ya gia, kwa sababu upana wake wa nje unapungua: karibu milimita 7.1 kwa gia 8, 5.9 kwa gia 10, 5.3 kwa gia 12. Kaseti mpya ivalishwe cheni mpya. Cheni iliyokwisha imerefuka, na itayala meno mapya kwa muda mfupi.

Urefu ndio uliowahi kunivunjia sikio la dereila. Niliweka kaseti kubwa nikaacha cheni ya zamani, nikasukuma gia mpaka mwisho, cheni ikaishiwa na urefu. Usijaribu. Pitisha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye dereila, tafuta mahali ncha zinapokutana, kisha ongeza pini mbili, yaani kama sentimita 2.5. Hiyo ni kanuni ya msingi. Baadhi ya watengenezaji wanataka zaidi kwa mifumo ya sproketi moja, na karatasi ya dereila yako ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa makadirio, kila meno mawili unayoongeza yanahitaji pini moja zaidi ya cheni, na cheni hukatwa kwa jozi.

Kwenye baiskeli yenye shokomzoba ya nyuma, toa hewa au springi, bonyeza mkono wa nyuma mpaka mahali ambapo umbali kati ya kranki na habu ni mrefu kabisa, pima hapo. Ukipima imesimama tu, cheni itakuwa fupi siku utakayotua vibaya.

Kufunga

Safisha frihabu, paka grisi kidogo. Kwa Hyperglide mfereji mmoja ni tofauti na mingine, sproketi zinaingia kwa namna moja tu. Kaza ringi ya kufungia kwa newtonmita (Nm) 40, ambayo ni nguvu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sproketi zikicheza baadaye, ni kwa sababu hapo palilegea.

Vuta cheni mpaka sproketi kubwa kabisa kwa mkono, polepole, baiskeli ikiwa imening'inizwa, uone dereila haijanyooka kupita kiasi. Kisha rekebisha skrubu ya B, ile inayosogeza dereila mbali na kaseti. Kiroda cha juu kikigusa sproketi kubwa, kaza. Kikiwa mbali sana, gia zitachelewa. Kwa baiskeli ya shokomzoba ya nyuma, fanya hivyo ukiwa umekaa juu yake na mwenzako akiwa na bisibisi. Skrubu za vikomo vya juu na chini, zinazoizuia dereila isipite gia za mwisho, na kebo zinafuata baada ya hapo.

Nunua kipimo cha cheni siku hiyohiyo. Kwa gia 11 na 12 badilisha cheni ikirefuka kwa asilimia 0.5, kwa chini ya hapo 0.75. Kaseti moja inaweza kumaliza cheni kadhaa ukiwahi, na kufa na ya kwanza ukichelewa.

Halafu rudi kwenye mwinuko uleule, ukiwa umechoka vilevile, hesabu tena goti la kulia kwa sekunde 30. Mimi nilipata 31, yaani 62 kwa dakika. Ukipata chini ya 55, punguza meno mawili mbele. Ukipata zaidi ya 75 na hujawahi kuigusa ile kubwa ya nyuma kwa wiki nzima, ongeza mawili.